Jiko jipya kwa bisibisi: tathmini ya vifaa vya bei nafuu nilivyofunga mwenyewe

Nyumba za ghorofa zinazojengwa Nairobi siku hizi, ziwe za Kasarani, Imara Daima au Kahawa West, hufanana sana pale jikoni. Mjenzi hukukabidhi makabati ya MDF ya juu na ya chini, kaunta ya graniti, sinki la chuma lenye mfereji mmoja mfupi wa maji baridi, balbu moja katikati ya dari, na soketi mbili ambazo moja huwahiwa na jokofu kabla hujapanga hata kikombe. Jiko la namna hiyo si baya. Limemalizwa tu na mtu ambaye hatapika ndani yake. Tathmini hii inahusu vifaa vya bei nafuu nilivyonunua na kuvifunga mwenyewe nilipohamia katika nyumba kama hiyo upande wa Kasarani, na inahusu pia sehemu za mji nilikovinunua, kwa sababu Nairobi kifaa kilekile hubadilika bei, na mara nyingine hata ubora, kulingana na barabara kinakouzwa.

Natanguliza uamuzi wangu kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Vifaa vinavyofungwa kwa skrubu karibu vyote vimestahili pesa zake, na vile vinavyobandikwa kwa gundi vingi havikustahili. Jiko ni mahali pa mvuke, mafuta na joto, na gundi ya kibandiko haivumilii hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ilhali skrubu ikilegea hukazwa kwa bisibisi na kazi ikaendelea. Kwa mpangaji kuna faida nyingine tena: kilichofungwa kwa skrubu hufunguliwa siku ya kuhama kikaenda na mwenyewe, kile cha zamani kikarudishwa mahali pake, na mwenye nyumba akakosa sababu ya kukata amana. Kwa vifaa vyote nitakavyovitaja, bila nauli na bila kazi ya fundi wa umeme ambayo nitaieleza mwishoni, sikufika shilingi 15,000. Drili niliazima kwa jirani.

Nianze na mfereji, ambao kwa maoni yangu ndio ununuzi bora kuliko yote. Ule uliokuja na nyumba ulikuwa na shingo fupi kiasi kwamba sufuria ya ugali wa watu sita haikuweza kuingia chini yake bila kuinamishwa, na maji yake yaliangukia karibu na ukingo wa nyuma wa sinki, yakirukia ukutani na kushuka polepole nyuma ya kabati. Nilitafuta mfereji wa shingo ndefu iliyopinda, unaozunguka upande hadi upande, na nikaupata kwa shilingi 2,600. Ukiingia katika maduka ya vifaa vya ujenzi utakuta mifereji ya sura hiyo ikianzia chini ya nusu ya bei hiyo na kupanda hadi mara mbili yake au zaidi, yote iking'aa vilevile, na hapo ndipo mnunuzi anapohitaji kujua anachokitazama. Mng'ao ni kromu tu iliyopakwa juu. Chini yake kunaweza kuwa na shaba, chuma kisichoshika kutu, aloi ya zinki au plastiki, na ni hicho cha chini kinachoamua kama mfereji utadumu miaka au utavunjika shingo kabla ya Krismasi.

Njia za kutambua si ngumu. Shaba ni nzito, na mfereji wa shaba ukiushika mkononi baada ya ule wa aloi ya zinki wenye ukubwa uleule, utahisi tofauti bila kuambiwa. Geuza mfereji utazame nyuzi za ndani, mahali ambapo kromu haikufika vizuri: shaba huonyesha umanjano wake, na zinki huwa ya kijivu. Sumaku husaidia kidogo tu, kwa maana itakuonyesha chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, lakini haishiki shaba, haishiki zinki, na haishiki kwa nguvu chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha sumaku isiyoshika hajathibitisha lolote zaidi ya kwamba ana sumaku. Katika duka moja ambalo sikununua kitu, muuzaji alinihakikishia, "Mama, huo ni shaba tupu, ukiharibika niletee hapa hapa," huku ukutani nyuma ya kichwa chake kukiwa na tangazo kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Kuufunga ni kazi ya mtu yeyote mwenye spana na subira. Mifereji mingi inayouzwa hapa ina nyuzi za nusu inchi, na mabomba ya nyumba huwa ya kipimo hicho hicho, hivyo hakuna haja ya kiunganishi. Funga koki iliyo chini ya sinki. Ikiwa mjenzi hakuweka koki hapo, na wengi hawaweki, msimamizi wa jengo atakuonyesha ile ya nyumba nzima. Zungushia nyuzi utepe mweupe wa kuzuia maji kuvuja, ukiufuata upande ambao mfereji utakazwa, la sivyo utafunguka kadiri unavyokaza. Kaza kwa mkono hadi usiweze tena, kisha ongeza kidogo kwa spana, na usivutane nao, kwa sababu shaba hupasuka. Baada ya kufungulia maji, pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila kiungo na usubiri; tishu huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo halimo katika maelekezo yanayokuja na mfereji. Maji ya mji huu huja kwa mgao, na yanaporudi bomboni huja na hewa, mchanga na vipande vidogo vya kutu, ambavyo vyote hukimbilia kwenye kichujio kidogo cha wavu kilicho mdomoni mwa mfereji. Wengi hudhani mfereji umeharibika maji yanapopungua nguvu, kumbe ni wavu umeziba. Hakikisha kabla ya kununua kwamba kichujio hicho kinafunguliwa kwa mkono. Ikiwa jengo lenu hutumia maji ya kisima, ambayo huwa na madini mengi na huacha madoa meupe kwenye chuma, kitumbukize kichujio kwenye siki usiku mmoja kila baada ya muda na kitarudi kama kipya.

Bawaba za makabati ni kitu ambacho hakuna mgeni atakayekisifia, nami naziweka nafasi ya pili bila kusita. Zile za mjenzi zilikuwa za kawaida, milango ikijifunga kwa kishindo na mmoja wa juu ukiwa umeinama. Nilinunua zile zinazofunga taratibu, zenye kifaa kidogo cha mafuta ndani kinachoupunguza mlango kasi, kwa shilingi 150 kila moja. Kabla ya kwenda dukani fungua bawaba moja ya zamani uende nayo mfukoni, kwani kuna mambo mawili ambayo hayakisiwi kwa macho. Kwanza ni kipenyo cha kikombe kinachozama ndani ya mlango, ambacho kwa makabati mengi ni milimita 35. Pili ni umbo la mkono wa bawaba, kwa sababu mlango unaofunika ubavu wote wa kabati hutumia mkono ulionyooka, mlango unaogawana ubavu mmoja na jirani yake hutumia uliopinda kiasi, na mlango unaozama ndani ya kabati hutumia uliopinda sana. Ukikosea umbo hilo, mlango hautafunga hata ukiusukuma kwa bega.

Raha ya bawaba hizi ni zile skrubu zake za kurekebisha. Moja hupeleka mlango kushoto au kulia, nyingine huuingiza ndani au kuutoa nje, na zile za bamba la ubavuni huupandisha na kuushusha. Kwa bisibisi peke yake, milango iliyokuwa imekaa kama meno ya mtoto ilisimama sawa, na jiko likaonekana jipya kabla sijanunua kitu cha kuonekana. Kasoro ni mbili. Baadhi ya bawaba nilizonunua zilipoteza ule upole wake mapema na zimerudi kupiga kelele, na duka lililoniuzia lilisema hicho ni kitu cha kawaida kwa bei hiyo. Ningeshauri kununua mbili tatu za ziada. Halafu MDF, ambayo ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, haishiki skrubu mara ya pili kama inavyoishika mara ya kwanza. Mahali ambapo tundu lilikuwa limelegea nilijaza njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye gundi nyeupe ya mbao, nikazikata usawa wa ubao, nikaacha zikauke hadi asubuhi, ndipo nikarudisha skrubu. Naikubali gundi hapo, maana imefichwa ndani ya ubao, mbali na mvuke.

Vishikio havina maneno mengi. Pima umbali kati ya matundu mawili ya kishikio cha zamani, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lingine. Mara nyingi utapata milimita 96 au 128. Nunua vyenye kipimo hicho hicho ili usitoboe milango upya, na uepuke vile vyenye kona kali ikiwa una watoto wa kimo cha kaunta. Nililipa shilingi 150 kwa kimoja na sina lalamiko.

Taa zinahitaji maelezo zaidi, maana hapa ndipo watu hununua uzuri wakasahau kazi. Balbu ya katikati ya dari ina kosa ambalo haliwezi kurekebishwa kwa kuweka balbu kubwa zaidi: anayesimama kwenye kaunta huwa ameipa mgongo, kwa hiyo hukata kitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Dawa yake ni taa ya ukanda ya LED chini ya makabati ya juu. Nilikwenda Luthuli Avenue, ambako maduka ya vifaa vya umeme na elektroniki yamebanana kiasi kwamba unaweza kulinganisha bei bila kuvuka barabara mara nyingi, na nikarudi na ukanda wa mita tano, adapta yake, na reli ya alumini yenye kifuniko cheupe, vyote kwa takriban shilingi 2,000.

Muuzaji wa taa hizo atakuuliza unataka rangi gani, na atakuonyesha ile inayobadilika kuwa bluu, zambarau na nyekundu kwa rimoti. Iache sebuleni. Jikoni unahitaji mwanga mweupe usio na ubaridi mwingi, ambao kwenye pakiti huandikwa 4000K. Ule wa 6500K hufanya nyama ionekane ya siku ya tatu, na wa 3000K ni mzuri kwa chakula kilichokwisha kupakuliwa lakini si kwa kuchambua mchele. Kanda hizi nyingi hutumia umeme wa volti 12 na huweza kukatwa kila baada ya taa tatu, palipochorwa alama ya mkasi, na si penginepo. Kwa adapta, hesabu ni rahisi: ukanda wa wati 4.8 kwa mita, ukitumia mita mbili, huhitaji karibu wati 10, na adapta ya volti 12 yenye ampea moja hutoa 12, jambo linaloiacha ikifanya kazi kwa kujikamua na kupata joto. Nilichukua ya ampea mbili. Hakikisha pia kwamba plagi yake ina miguu mitatu ya mraba inayoingia kwenye soketi zetu, kwa sababu nyingi huja na miguu miwili ya mviringo, na watu huishia kuichomeka kwa kuchokoa lile tundu la juu la soketi kwa kijiti, tabia ambayo imezoeleka mno kwa jinsi ilivyo ya hatari.

Nyuma ya ukanda huo kuna gundi yake, na maelekezo husema uvue karatasi ubandike. Nilishauona kwa jamaa zangu ukining'inia juu ya sufuria, kwa hiyo niliulaza ndani ya ile reli ya alumini, na reli yenyewe nikaifunga kwa skrubu fupi chini ya kabati, karibu na ukingo wa mbele ili mwanga uangukie kaunta badala ya kuangaza ukuta. Alumini huondoa joto la taa na kuzirefushia maisha, na kifuniko cheupe huzuia mafuta na kuficha vile vitone vya mwanga visiakisiwe na graniti. Reli hiyo ndiyo iliyonigharimu ziada, na ningeinunua tena kabla ya kununua taa bora zaidi.

Kwa rafu ya sahani nilishuka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Maduka makubwa huuza rafu za kuning'iniza juu ya sinki, zimetengenezwa kwa vyuma vyembamba vilivyopakwa rangi nyeusi, lakini zote zina vipimo vya jiko la mtu mwingine. Kamukunji unakwenda na vipimo vyako kwenye karatasi, unamwonyesha fundi picha kwenye simu, mnapatana, unalipa sehemu ya pesa kwa M-Pesa na kurudi siku mliyoagana. Mimi nilitaka rafu ya sentimita 70, yenye ngazi mbili, vijiti vya kusimamishia sahani, ndoano za vikombe upande wa chini na masikio manne yenye matundu ya skrubu, na nikaipata kwa shilingi 3,500. Kazi ya kuchomelea ni imara kiasi kwamba rafu hiyo ingeweza kubeba pia mtoto anayeosha vyombo. Rangi ndiyo dhaifu. Fundi huipuliza juu ya chuma bila kukisafisha sana, nayo huanza kuchubuka mahali sahani zinapogusa, na kutu ya kahawia ikaanza kuonekana kwenye viungo. Ukiagiza, omba chuma kisichoshika kutu ikiwa mfuko unaruhusu. Ikiwa hauruhusu, omba fundi akupe rafu kabla ya rangi, uipige msasa mwenyewe, uipake rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi ya mafuta. Nilitaraji fundi angeudhika kwa ombi kama hilo, lakini wanalizoea. "Dada, ni wewe utaosha vyombo, si mimi," aliniambia mmoja wao.

Kuifunga ukutani kulinihitaji uangalifu kuliko kazi nyingine zote. Kuta nyingi za Nairobi ni za mawe yaliyochongwa kwa mashine au matofali ya simenti, na kwa kuta hizo skrubu ya milimita sita yenye kizibo chake cha plastiki hushika bila wasiwasi. Majengo mapya kadhaa hata hivyo hutumia paneli za EPS, ambazo katikati yake ni povu na nje ni wavu wa chuma uliopigwa plasta nzito. Ukigonga ukuta ukasikia sauti nyepesi, muulize msimamizi wa jengo kabla ya kutoboa, kwani skrubu fupi haitabeba rafu iliyojaa sahani za kauri. Palipo na vigae, bandika kwanza kipande cha utepe wa karatasi ili ncha ya drili isiteleze, tumia ncha ya vigae yenye umbo la mkuki, na usiwashe mpigo wa nyundo wa drili hadi uwe umekwisha kupita kigae chenyewe. Kigae kimoja kikipasuka, kutafuta mwenzake wa rangi ileile madukani ni kazi ya mwezi.

Sasa nifike kwenye kile ambacho wengi hukianzia, yaani karatasi ya kubandika yenye sura ya marumaru. Inauzwa kila mahali, kuanzia mtandaoni hadi kwa wachuuzi wa barabarani, kwa maelezo kwamba haishiki mafuta, haipitishi maji, haiungui, na hubadilisha jiko kwa saa moja. Ya mwisho ni kweli. Nilinunua bunda moja la upana wa sentimita 60 kwa shilingi 1,200 na nikaijaribu sehemu tatu, na kila sehemu imenipa jibu lake. Kwenye vigae vilivyo nyuma ya sinki ilishika vizuri katikati, lakini mistari ya vigae ilionekana chini yake kama mbavu, na kingo zilianza kuinuka mahali maji yanapotua. Kwenye mlango wa kabati lililo karibu na jiko la gesi ilijikunja kona kwa joto la mvuke tu, bila moto kuigusa. Ndani ya droo za vijiko, ambako hakuna joto wala maji, imekaa kama ilivyokuwa siku ya kwanza, na kwa kazi hiyo naipendekeza kwa moyo mweupe.

Nyuma ya jiko la gesi sikuiweka, na sidhani kuna mtu anayepaswa kuiweka. Karatasi hizi ni za plastiki ya PVC. Hulainika kwa joto, na zikishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu. Zile nyingine za povu zenye sura ya matofali, zinazopendwa kwa kuficha ukuta mbovu, ni mbaya zaidi kwa sababu povu huwaka upesi. Tangazo linaloonyesha ukuta wa nyuma ya jiko ukimeremeta kwa stika limepigwa picha kabla ya mtu kukaanga samaki. Kuibandika juu ya kaunta ya graniti nako sikuelewi: ni kuvika kitu cha thamani nguo ya bei rahisi, halafu kisu cha kwanza kinaichana.

Mwenye vigae vilivyochakaa sura asikimbilie stika kabla hajatazama mistari kati ya vigae. Wajenzi wetu wengi hujaza mistari hiyo kwa simenti nyeupe, ambayo hunyonya mchuzi na kugeuka rangi ya chai. Nilikwangua sehemu ya juu ya simenti hiyo kwa kisu cha zamani, nikaosha vumbi, nikajaza grauti ya kijivu iliyogharimu shilingi 300 na kuifuta kwa sponji yenye unyevu kabla haijakauka. Ni kazi ya magoti na mgongo, siifichi, lakini ukuta uliokuwa na sura ya mkahawa wa stendi sasa unaonekana umejengwa upya, na haujifungui kona.

Silikoni ni gundi pia, nami naipa ruhusa maalumu. Mstari mwembamba wa silikoni kati ya kaunta na ukuta, na kuzunguka sinki, huzuia maji yasiteremke ndani ya kabati, na hilo ni jambo kubwa kwa sababu MDF ikilowa huvimba na haisinyai tena. Chagua iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu. Ile yenye harufu ya siki inapokauka ni nzuri kwa vigae na vioo, lakini asidi yake haipatani na mawe ya asili wala baadhi ya metali, kwa hiyo penye graniti au marumaru uliza ile isiyo na harufu hiyo. Kausha mahali kabisa, bandika utepe wa karatasi juu na chini, kamua, lainisha kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni, vua utepe kabla silikoni haijashika, na usiruhusu maji hapo kwa saa 24. Ukibaki na silikoni kwenye mrija, ziba pia nafasi zinazozunguka mabomba yanayopita ukutani chini ya sinki. Mende wa jengo zima hutumia njia hizo kutembeleana, na nilipoziziba idadi yao ilipungua kuliko dawa yoyote niliyowahi kupuliza.

Chini ya sinki penyewe nilitandika kipande cha mkeka wa plastiki unaouzwa kwa mita, kingo zake nikizikunja juu kidogo ili matone yasifike ubaoni. Haukubandikwa. Unatolewa, unapanguswa, unarudishwa.

Kupaka makabati rangi sikukufanya na sitakutathmini kwa undani. Nitasema tu kwamba milango mingi ya majengo mapya imefunikwa kwa melamini laini, ambayo rangi haiishiki bila kupigwa msasa na kupakwa kwanza rangi ya msingi inayoshika sehemu nyororo, na kwamba mpangaji anayefanya hivyo bila ruhusa ya maandishi anajitafutia kesi.

Kuna kazi mbili ambazo sikuzigusa hata kwa bisibisi, nazo ni gesi na nyaya za ukutani. Mtungi wangu una valvu na mpira vilivyofungwa na muuzaji, na kila ninapoubadilisha nalipakaza sehemu ya kiungo povu la sabuni kutazama kama litatoa viputo. Kuhusu umeme, zile soketi mbili hazikutosha, na desturi ya mtaani ni kununua kebo ya kuongezea na kuchomeka humo birika, maikrowevu na kila kitu. Kebo ya ampea 13 kwenye umeme wetu wa volti 240 hubeba wati zipatazo 3,100, na birika peke yake huweza kuchukua 2,000 au zaidi, kwa hiyo vitu viwili vya kupasha joto vikiwaka pamoja, waya huanza kupata moto ndani ya plastiki yake. Nilimwita fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, baada ya kupata idhini ya mwenye nyumba, akaongeza soketi pacha juu ya kaunta, mbali na sinki, kwa laini yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha swichi. Gharama yake ilikaribia kulingana na bei ya mfereji, bawaba na taa kwa pamoja, na mwenye nyumba alikubali kukata nusu yake kwenye kodi ya mwezi uliofuata, kwa kuwa soketi hiyo itabaki ukutani nitakapohama.